"Akifeli, Tutampeleka VETA"

Mvua za kwanza zikishanyesha Ufipa, mji wa Sumbawanga hupata sauti moja inayozizidi zote, nayo ni nyundo. Watu huingia mjini na plau zilizokuwa zimelala tangu mwaka jana, nyingine zimefungwa nyuma ya baiskeli, nyingine zimepakatwa kwenye bodaboda kama mgonjwa, ncha zimelika hadi zimekuwa butu. Kila mmoja anataka yake leo. Ng'ombe wako tayari, udongo umelainika, na kwenye uwanda huu anayechelewa kupanda mahindi kwa wiki mbili huiona tofauti siku ya kuvuna.

Mwanzoni mwa Desemba zamu ilikuwa yangu. Dada yangu, anayeishi kijiji kimoja upande wa Laela, alinitumia plau juu ya keria ya basi, na pamoja na plau akanitumia mwanawe, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne siku chache zilizopita. Tukaibeba wawili mpaka kwenye banda la mhunzi mmoja mzee, nyuma ya gereji za malori. Banda lenyewe halina ukuta wa mbele. Fuawe yake ni kipande cha reli, ambacho hadi leo sijui kilifikaje, maana treni haijawahi kukanyaga Sumbawanga. Mvukuto si wa ngozi tena: kijana anazungusha rimu ya baiskeli kwa mkono, mkanda unazungusha feni, feni inapuliza makaa.

Mzee alikata kipande cha springi ya lori, akakichomelea kwenye ncha iliyolika, kisha akairudisha ncha yote motoni. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anasoma rangi. Chuma kilianza wekundu mzito wa damu, kikapanda mpaka kikawa kama nyanya iliyoiva, na kabla hakijafika rangi ya chungwa akakitoa kwa koleo, akaugonga ukingo mpaka ukawa mwembamba. Akakirudisha. Akakitoa tena, na safari hii akakitumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu ya magari. Moshi ukatufukuza wote bandani isipokuwa yeye.

Mpwa wangu akauliza, "Babu, kwa nini usitie kwenye maji?"

"Maji yana pupa, mjukuu wangu. Chuma cha springi ukikipoza kwa pupa kinakuwa kigumu kama chupa. Kikikutana na jiwe la kwanza huko kwenu, kinapasuka. Oili ina subira."

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akaninong'oneza kwamba habari za joto na vyuma walizisoma kwenye fizikia, wakachora na mchoro. Walizisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye na mwalimu wake wote wawili walikuwa wanaivizia. Mtihani ulipokuja alijibu swali la mada hiyo, na anadhani alipata. Ila hakujua kwamba jambo lenyewe linakaa kwenye ndoo ya oili nyuma ya gereji, kilomita chache kutoka bweni lake.

Nikakumbuka maneno ya dada aliponipigia simu kuniambia kijana anakuja. "Akifeli, tutampeleka VETA." Maana yake chuo cha ufundi. Aliyasema kwa upendo, kama mtu anayekuonyesha kwamba ameshaweka akiba ya unga kwa ajili ya mwezi wa njaa. Nimeyasikia maneno hayo kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, hata kwenye ofisi ya mkuu wa shule mmoja aliyekuwa anajaribu kumfariji mzazi. Naamini ndani ya sentensi hiyo fupi ndimo elimu ya amali, yaani elimu ya ufundi, itakapofia, kama itakufa. Tunawakabidhi ufundi watoto tuliokwisha kuwatangaza kuwa wameshindwa, kisha tunashangaa kwamba hakuna anayeuheshimu.

Jambo hili linaniuma zaidi likitokea Ufipa. Ukipita Nkasi na sehemu za Sumbawanga Vijijini, mashambani bado utakuta magofu ya malungu, matanuru ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapanda mita tatu hivi, refu kuliko mtu yeyote aliyelijenga. Chini liliachiwa matundu ya mirija ya udongo, na hewa ikajivuta yenyewe bila mtu kupuliza. Mkaa na mawe vilipangwa kwa matabaka, moto ukaachwa ufanye kazi yake kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo bado kilikuwa chuma kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, hadi kikapatikana chuma cha kufulia majembe, mashoka na mikuki. J.A.R. Wembah-Rashid aliandika kuhusu wafua chuma hawa mwaka 1969, na miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza malungu haya moja baada ya jingine.

Wote walioandika wanakubaliana juu ya heshima iliyolizunguka tanuru. Lilihesabiwa kama bibi harusi. Lilikuwa na dawa zake, miiko yake na nyimbo zake, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Bwana mkubwa wa tanuru alikuwa na elimu ambayo hakumpa kila anayepita. Mtoto aliyesogezwa karibu na moto ule alikuwa ameteuliwa. Sijawahi kusikia masimulizi ya mzee yeyote wa Kifipa yanayosema, "Yule alishindwa kuchunga mbuzi, tukampeleka kwenye ilungu."

Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yaliposhuka bei, moto wa malungu ulizimika polepole, na kufikia katikati ya karne iliyopita ulikuwa umebaki kwenye vichwa vya wazee. Ujuzi ukaondoka na hadhi yake. Akabaki mhunzi wa kukarabati, nyuma ya gereji.

Wazazi wetu hawakuanza kuudharau ufundi kwa ujinga. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na kushauri kwamba shule za Mwafrika zilingane na maisha ya kijijini: kilimo, usafi, kazi za mikono. Ushauri haukuwa mbaya wote. Ila mzazi aliyekuwa na macho aliona kwamba watoto wa Wazungu hawakufundishwa kulima matuta, na kwamba mtu aliyerudi kijijini na viatu alikuwa karani. Akahitimisha kwamba elimu ya mikono ni elimu ya kumbakiza mtu alipo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka kuling'oa jambo hilo hilo: shule iwe na shamba na karakana, msomi asiogope jembe. Katika shule nyingi kilichobaki ni shamba la mwalimu, na jembe likawa adhabu ya waliochelewa namba.

Miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na zile za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Musoma na Mtwara zikatoa watu walioijenga nchi kweli kweli. Huku pembeni mambo yalikuwa mengine. Shule niliyosoma mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na karakana. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kukereza vyuma, ya kijani, imefunikwa turubai. Mwalimu wa ufundi alihamishwa nikiwa kidato cha kwanza. Umeme haukuwa umefika. Kwa miaka minne tuliingia mle kupanga magunia ya mahindi ya shule, na sisi wadogo tulikuwa tunachungulia chini ya turubai tukizungusha gurudumu moja dogo la chuma lililokuwa bado linateleza kwa grisi ya zamani. Hiyo ndiyo elimu ya ufundi niliyopata: najua grisi nzuri hudumu miaka minne.

Sasa tumepewa nafasi nyingine, na safari hii karatasi ni nzuri. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sekondari ya chini ina mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali. Anayesoma amali anapaswa kutoka na cheti cha kidato cha nne mkononi na cheti cha ufundi mkono wa pili. Mwaka wa kwanza wanafunzi wa amali walianza kwenye shule 96 nchi nzima, 28 za serikali na 68 za binafsi. Kundi hilo litafanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 2027, na siku hiyo ndipo wazazi watakapoamua, maana mzazi wa Kitanzania haamini sera, anaamini matokeo.

Kwa hiyo kampeni zimeanza. Nimehudhuria moja. Gari jeupe liliingia shuleni, kipaza sauti kikafungwa, na afisa akawaambia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba wasitegemee ajira, wajiajiri, dunia imebadilika, ufundi unalipa. Alizungumza saa nzima. Hakuja na fundi hata mmoja. Mwanafunzi akauliza ufundi unalipa shilingi ngapi, watu wakacheka, na swali likaishia hapo. Mimi nilidhani ndilo lilikuwa swali pekee la maana asubuhi ile.

Mwaka 1965 Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, aliandika hoja ambayo wapangaji wa elimu hawajaacha kubishana nayo. Alisema shule haibadilishi matamanio ya mtoto kwa kumbadilishia somo. Mtoto anatazama mshahara, usalama na heshima vinakokaa, kisha anachagua somo linaloelekea huko. Akichagua ukarani, hajapotoka, amepiga hesabu. Tupige basi hesabu ya kwetu. Serikalini mwenye cheti kwa kawaida huanzia ngazi ya TGS B, wa stashahada TGS C, wa shahada TGS D. Kila mzazi mwenye ndugu halmashauri anazijua herufi hizo kuliko anavyozijua za kwenye ubao wa daktari wa macho. Tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na waajiri na iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023, inabeba jina la ufundi, lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyotengewa VETA. Theluthi mbili zilibaki hazina, na zimesaidia kubeba mikopo ya vyuo vikuu. Sisemi mikopo ifutwe. Nasema mtoto anayeambiwa "dunia imebadilika" ana haki ya kuuliza kama bajeti nayo imebadilika.

Kuna watakaonijibu kwamba VETA ni rahisi: ada iliyotangazwa kwa miaka ni shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Ni kweli, na ni jambo jema. Serikali pia ilianza ujenzi wa vyuo 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe, na Rukwa, iliyokuwa miongoni mwa mikoa ya mwisho kupata chuo cha VETA cha mkoa, sasa inacho. Nkasi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chala, cha ukoo ule ulioanzishwa mwaka 1975 kwa kuazima mfano wa Sweden. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kimeleta kampasi huku. Majengo tunayo kuliko wakati wowote. Lakini bei ndogo peke yake haimvuti mtu; wakati mwingine inamthibitishia kwamba anauziwa mtumba.

Nikiulizwa mimi, ningeanzia kwenye kitu ambacho shule nyingi zilikuwa nacho uani na hazikukiona. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 za kupambana na athari za UVIKO-19, na kutoka humo yakajengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache, mengi kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa hapo hapo kijijini. Kwa miezi hiyo uwanja wa shule ulikuwa karakana. Kulikuwa na timazi inayoning'inia, pima maji, vipimo vya zege, mtu anayekata nondo na kuzipinda, mtu anayehesabu mabati ya paa. Dirishani, mita kumi kutoka hapo, mwalimu wa hesabu alikuwa anafundisha Pythagoras, na nje fundi alikuwa anaipatia kona ya jengo pembe mraba kwa kamba, tatu kwa nne kwa tano. Hakuna aliyefungua dirisha. Fedha zililipwa, madarasa yalisimama, na mwanafunzi wa shule hiyo alichoambulia ni kubeba mchanga.

Ingegharimu nini kumwandika fundi yule kwenye mkataba kwamba vijana sita wa mkondo wa amali watakuwa chini yake, naye atalipwa kwa kuwafundisha? Uanagenzi si neno geni serikalini, na VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazi mtaani. Fundi yule angeweza kupimwa kwanza yeye. Tungekuwa tumepata mwalimu wa amali kijijini kwetu, bila kusubiri ajira mpya kutoka Dodoma, na mwalimu mwenyewe ni baba wa mmoja wa wanafunzi.

Uswisi karibu theluthi mbili ya vijana hupitia uanagenzi baada ya elimu ya lazima, wakigawa wiki kati ya kazini na darasani. Kinachowatuliza wazazi wa kule ni kwamba mlango wa chuo kikuu haufungwi nyuma ya mtoto. Kwetu, kwenye karatasi, mlango huo pia uko wazi, kutoka cheti hadi stashahada hadi shahada. Wangekuja watu wawili watatu waliopita humo, wasimame mbele ya kidato cha pili wakiwa na mafuta mikononi, wataje wanacholipwa. Gari jeupe lingeweza kubaki nyumbani.

Na ufundi wenyewe uwe wa hapa. Ukisoma vibao vya vyuo utadhani nchi nzima inaishi kwa umeme wa majumbani, ushonaji na kompyuta. Wasichana hasa wanaelekezwa kwenye cherehani na mapishi hata kabla hawajaulizwa. Nimemwona binti Sumbawanga akichomelea geti huku wateja wakimuuliza fundi yuko wapi. Uwanda huu unalisha mikoa mingine. Una mashine za kukoboa na kusaga zinazoharibika kila wiki, pawatila zinazokufa kwa kukosa mtu wa kupasua injini, vihenge vikubwa vya kisasa vya Wakala wa Hifadhi ya Chakula vinavyohitaji watu wanaoelewa unyevu wa nafaka. Kule ziwani, Kirando na Kabwe, kuna boti, injini na samaki wanaotaka barafu. Bandari ya Kasanga ina barabara ya lami. Na kuna umeme, ambao kwa miaka mingi mji huu umeununua kutoka Zambia, na ambao kila mchomea vyuma anajua tabia zake: anaanza kazi akiomba usikatike katikati ya kiungo. Mkondo wa amali wa Rukwa usiofundisha plau, injini ya dizeli na ukaushaji wa mahindi utakuwa umenakiliwa kutoka kwa mtu asiyewahi kusikia upepo wa milima ya Mbizi.

Nirudi bandani. Plau ya dada ilichukua kama nusu saa. Nililipa, tukakaa kwenye benchi kuisubiri ipoe, na mpwa wangu akaomba kushika ile rimu. Mzee akamwambia azungushe polepole, moto usiruke. Akazungusha. Plau ya pili ikapita, ya tatu ikapita, nikaona kwamba tumebaki kuliko nilivyokusudia.

Dada akapiga simu kuuliza kama kifaa kiko tayari. Nikamwambia kiko tayari, ila mwanawe amegoma kuondoka, na kwamba ananiuliza habari za kusoma ufundi wa vyuma.

"Kwani matokeo yametoka?" akauliza, sauti imeshuka. "Amefeli?"

"Bado, dada. Mpaka Januari."

Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta bei ya gunia, "Huyo mzee kwa siku anatengeneza plau ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Nikamgeukia kijana, ambaye uso wote ulikuwa masizi.

"Kumi na moja, mjomba," akasema bila kuacha kuzungusha. "Na saa sita haijafika."